Saa Nne Kisiwani, Saa Tisa Harusini

Sijawahi kufika Ufaransa. Nalisema hili kwanza kwa sababu Neema, anayekaa kwenye meza yangu sasa, huwaambia wateja kwamba Gogo, yaani mimi, maana ndivyo bibi anavyoitwa huku, anaujua mji wa Saint-Malo kuliko wenyeji. Siujui. Najua choo kiko wapi, najua upepo unatoka upande gani, najua ni ngazi zipi zinateleza. Kuujua mji ni jambo jingine. Neema ameniomba niandike jinsi nilivyoifanya kazi ile, yeye na watakaokuja baada yake wasome. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, kule Uvira, Kongo, kwa hiyo mtakuta makosa. Ya maandishi myasahihishe. Yale mengine nitayataja mwenyewe.

Niliingia ofisi ya Bwana Seif mwaka 2015, kufagia. Ofisi ni ileile mnayoijua, Joubert Park hapa Johannesburg, ghorofa ya pili juu ya wasusi, chumba kimoja kilichokatwa na pazia. Upande huu watu walipigwa picha za pasipoti, upande ule Seif aliwajazia fomu za viza. Yeye ni mtu wa Tanga, mpole, anayeogopa vitu viwili tu: fomu iliyochafuka na mke wake. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama Zawadi, hapa chai haipiti karibu na karatasi." Nikamjibu, "Na wewe usipite na viatu nilipopiga deki." Tukaelewana.

Kufika kwangu kwenye karatasi kulitokana na pasi ya nguo. Watu wetu hutembea na maisha yao yote yamekunjwa. Mwanamke anatoa cheti cha kuzaliwa kifuani, kimekunjwa mara nane na kina jasho, mashine ya fotokopi inakikataa, foleni inanung'unika. Nikaleta pasi yangu ya nyumbani. Unatandaza kitambaa cha pamba chini, kingine juu, moto mdogo, bila maji hata tone. Cheti kinatoka kimenyooka. Msitumie pasi ya mvuke. Niliitumia mara moja kwenye cheti cha ndoa, wino ukahama, bwana na bibi wakachanganyika na shahidi. Seif alipoona vyeti vimenyooka akaniita ng'ambo ya pazia, na sikurudi tena kwenye ufagio isipokuwa nilipokuwa na hasira.

Sasa, Saint-Malo. Mwanamke mmoja wa mji wa Baraka, jirani na Uvira, aliolewa kule zamani. Akamwita mdogo wake, mdogo akamwita binamu, binamu akamwita mchungaji. Nilipoanza kazi, kila baada ya wiki chache alipanda mtu ngazi zetu akitaka kwenda kuona mjukuu, au harusi, au ubatizo, na aliutaja mji ule kana kwamba uko nyuma kidogo ya Midrand, mwendo wa teksi moja.

Kwenye faili la viza tuliweka ukurasa mmoja unaoeleza kila siku utafanya nini. Watu waliandika hivi: "Jumatatu, nitamwona mtoto wangu. Jumanne, nitamwona mtoto wangu." Mpaka siku ya kumi na nne. Ni kweli tupu. Lakini anayeisoma kweli hiyo ubalozini anaona mtu asiyekusudia kurudi. Seif akaniambia, "Mama Zawadi, watafutie hawa mambo ya kufanya."

"Mambo gani?"

"Ya kitalii."

"Mtalii anafanya nini?"

Seif akafikiri. "Anatembea bila kwenda mahali."

Hiyo ndiyo elimu ya utalii niliyopewa. Tulikuwa na kijitabu kimoja cha picha alichokisahau mteja, na picha hazisemi ukweli: hazina mvua wala wazee. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu. Kila aliyekwenda akarudi, alipanda ngazi, akanywa chai, akajibu maswali yangu yote kabla ya kusimama. Wa kwanza alikuwa Mama Esta, anayeuza vitenge Jeppestown. Alitaka kunisimulia kuhusu mjukuu. Nikamwambia mjukuu atasubiri.

"Ukuta wa mji unapandwa wapi?"

"Penye lango. Kuna ngazi."

"Ngazi ngapi?"

"Mama Zawadi, nilikwenda kuhesabu ngazi?"

"Ulikwenda kufanya nini?"

Alicheka, lakini aliyefuata alihesabu.

Hivyo ndivyo nilivyoukusanya mji ule, kipande kwa kipande, kutoka kwa watu wenye haraka ya kwenda nyumbani. Nawaandikia yaliyothibitishwa na watu zaidi ya watatu. Anza na ukuta. Unauzunguka mji mzima juu kwa juu, bahari upande mmoja na madirisha ya watu upande mwingine, na mwenye miguu mizuri anaumaliza ndani ya saa moja. Nenda asubuhi. Kilemba kifungwe kwa pini, kwa sababu upepo wa kule hauheshimu mtu. Mama mmoja wa kwaya aliona chake kikielekea Uingereza. Chini ya ukuta barabara ni za mawe, kwa hiyo viatu virefu vibaki ndani ya sanduku mpaka siku ya sherehe. Mji uliungua vitani wakaujenga upya jiwe kwa jiwe, na ukipita hutajua kipi ni kizee na kipi kimejengwa juzi. Kuna nyumba za matajiri wa zamani waliokuwa wakiteka meli za watu baharini kwa kibali cha mfalme. Wateja wangu walilipenda sana jambo hili. Hata mwizi alihitaji karatasi.

Ufukweni kuna magogo ya miti yamesimamishwa mistari kwa mistari kuvunja nguvu ya mawimbi, makubwa, yamekula chumvi. Usikae juu yake na nguo nyeupe. Kuna bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya bahari, lina ukuta wake na mnara wa kurukia. Watu wetu hawaruki, wanatazama wanaoruka na kuwaombea. Kuna boti ya kuvuka kwenda mji wa ng'ambo, safari fupi, mtu hawahi kutapika. Kuna chapati nyembamba za unga mweusi, ndani yai na nyama. Waislamu waombe ya yai na jibini, na waombe mapema kabla mpishi hajageuka. Kuna keki ya siagi, nzito kama tofali. Kipande kimoja kinatosha watu wawili na majuto. Na kuna chaza wanaoliwa wabichi, wakiwa hai. Hilo sikumwandikia mtu yeyote. Anayetaka, ajitafutie mwenyewe.

Na kuna kisiwa. Kiko mbele ya ukuta, karibu kabisa, na mtu anakwenda kwa miguu juu ya njia ya mawe. Mama Esta aliniambia, "Nilikwenda saa nne asubuhi, nikarudi saa sita, viatu vikavu." Nikaandika: saa nne, kutembea hadi kisiwani, saa sita, kurudi. Neema, karani wetu wakati huo, akapiga chapa, Seif akasaini bila kuyasoma ya katikati, na mstari huo ukaingia katika faili la kila mteja, siku yoyote itakayomwangukia. Kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika. Baadaye nilikuja kujua sababu. Hakuna aliyekuwa akiifuata karatasi. Walifika, wakakaa jikoni kwa watoto wao, wakapika, na siku ya mwisho wakapiga picha moja ukutani.

Mimi hilo sikulijua, na ningelijua ningegomba. Niliwaambia wateja wote, "Ulichoandika, ukifanye." Msinicheke. Katika nchi hii nimeishi kwa karatasi ya hifadhi ya wakimbizi, na kila ilipokwisha muda nilisimama kwenye foleni kuifanya upya. Jibu nililolitoa mara ya kwanza niliulizwa tena mara ya kumi. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuamini kwamba kuna serikali inayokuuliza Jumamosi utakuwa wapi, kisha Jumamosi isiangalie.

Mwaka 2018 akaja Papa Mulonda, fundi cherehani wa Jeppestown, mtu wa Uvira kama mimi, mjane, mwenye maneno machache na mishono iliyonyooka. Binti yake Riziki alikuwa Saint-Malo na alikuwa anaolewa. Baba na binti walikuwa hawajaonana uso kwa uso miaka kumi na moja. Ombi lake la kwanza, alilolijaza mwenyewe, lilikataliwa. Aliandika kwamba atamwona mtoto wake, siku zote kumi. La pili tulilijaza pamoja, likapita. Katika ukoo wao, siku ya harusi binti hatoki nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Baba humshika mkono akamvusha kizingiti. Mama hayupo, wajomba wako mbali, mikono iliyobaki ilikuwa ya Papa Mulonda tu. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Ukuta na keki vilikuwa vyangu.

Siku tatu kabla ya kuondoka alipanda ngazi, kofia mkononi.

"Mama, kuna shida kidogo. Harusi ilikuwa Ijumaa. Upande wa bwana wameomba siku moja mbele, shangazi yao amekosa tiketi ya treni. Sasa ni Jumamosi."

"Vizuri. Shida iko wapi?"

"Jumamosi, kwa karatasi, ni kisiwa."

Nikachukua nakala, nikaitazama. Kwa meya, wanakofungishia ndoa kule, ilikuwa saa tisa alasiri.

"Kisiwa ni saa nne mpaka saa sita," nilimwambia. "Harusi ni saa tisa. Utafanya vyote viwili."

"Siwezi kuacha kisiwa?"

"Umeshakataliwa mara moja, Papa. Unataka waseme umewadanganya?"

Akavaa kofia. "Hapana, Mama."

Jumamosi ile ilikuwa ya Juni, baridi ya Johannesburg imekaa ndani ya mifupa, hita iko chini ya meza, miguu yangu iko juu ya hita. Wakati wa kiangazi chao saa zetu na zao ni sawa, kwa hiyo nilikuwa namfuata Papa Mulonda kwenye nakala yangu bila kuhesabu. Saa sita na robo simu ikalia.

"Mama Zawadi, bonjour."

"Bonjour, Papa. Umesharudi?"

"Bado. Niko huku. Maji imekuja."

"Imekuja wapi?"

"Fasi njia ilikuwa."

Nikamwambia arudie. Akarudia: mahali palipokuwa na njia sasa ni maji. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, na suti yake ya harusi mwilini, maana aliivaa asubuhi ili kuokoa muda. Aliishona mwenyewe.

"Hukuona kibao?"

"Niliona. Kinasema tuangalie saa ya maji. Niliangalia saa yangu, ni saa nne. Karatasi inasema saa nne."

"Na watu wengine?"

"Waliondoka wote saa tano. Nilisema ni wavivu."

Neema alishasikia, maana simu yangu ina sauti kubwa kuliko kanisa. "Eish, Gogo! Kuna watu wa uokoaji, wana boti. Acha niwapigie sasa hivi."

"Hapana!" Papa Mulonda alipiga kelele kutoka Ufaransa. "Wakiniokoa wataniandika. Wakiniandika nitakuwa ndani ya kompyuta. Mimi sijazama. Nimekaa tu."

Seif akatoka nyuma ya pazia na kunyoosha mkono apewe nakala. Akausoma ule mstari, kwa mara ya kwanza baada ya kuusaini mara nyingi.

"Saa nne kila siku? Mama Zawadi, nani alikwambia bahari inafungua saa nne?"

"Mama Esta."

"Mama Esta alikwenda siku moja! Maji yanakupwa na kujaa, na kila siku saa inasogea. Leo saa nne, wiki ijayo saa nne umezama. Hata mtoto wa Tanga analijua hilo."

"Kwetu Uvira ziwa likiwa mahali asubuhi, na jioni liko hapohapo."

Seif akairudisha nakala mezani. "Nyinyi watu wa ziwa," alisema, na hakusema tena neno baya, ingawa alikuwa na haki. Akachukua simu. "Mzee wangu, njia ilizibwa saa ngapi?" Akaambiwa kama saa tano na nusu. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Yatapanda mpaka saa tisa, kisha yaanze kutoka. Hutapita kabla ya saa moja jioni. Kaa juu, usijaribu kuvuka hata ukiona mawe. Mawe yanadanganya."

Saa moja jioni. Harusi saa tisa.

Mimi mwenyewe nilimpigia Riziki. Seif alitaka kunisaidia nikakataa; mstari ulikuwa wangu. Nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka na mashine ya kukausha nywele.

"Wewe ndiye Mama wa karatasi?" aliuliza.

"Ni mimi. Baba yako yuko kisiwani. Maji yamemzunguka, hana hatari, atatoka saa moja jioni. Mimi ndiye niliyempeleka."

Mashine ya nywele ikazimwa.

"Kwa meya ni saa tisa."

"Najua."

"Wenzetu wameshasogeza siku mara moja. Siwezi kusogeza tena."

"Najua."

"Basi nifanye nini? Umempangia baba yangu kila saa, siku kumi. Nipangie na mimi hizi zilizobaki."

Nimekaa na wateja wa kila aina. Waliolia, waliotukana, mmoja aliyelala. Sikuwahi kukosa la kumwambia mtu.

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. "Nimekosa."

Neema aligeuka kunitazama. Na mimi maneno hayo niliyasikia kama yanatoka chumba cha pili. Riziki akakata simu.

Jumamosi tunafunga saa saba. Hatukufunga. Seif aliswali nyuma ya pazia. Neema aliishika simu na mimi nikaushika ufagio, nikafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Saa tisa ilifika nikiwa bado nafagia. Baada ya nusu saa ujumbe ukaingia kwa Neema, neno moja tu: Nimeolewa.

"Sasa nani alimtoa nyumbani?" Neema aliuliza.

Mimi nilijua hakuna wa kumtoa. Nikaenda nyumbani na hilo.

Riziki alinipigia Jumapili, baada ya ibada.

"Mama wa karatasi."

"Naam."

"Sikutoka mlangoni. Nilitoka dirishani."

"Dirisha gani?"

"La jikoni. Nilisema mlango ni wa baba, haufunguliwi mpaka aje. Yule shangazi aliyekosa tiketi ya treni alishika gauni, na jirani akanishika miguu. Kwa meya nilifika kwa wakati. Saa moja na nusu baba akaja, suruali imelowa mpaka magotini, viatu mkononi. Nikaingia tena kwa dirisha lilelile. Akaja ndani, akanishika mkono, akanivusha kizingiti. Wafaransa wa mtaa mzima walipiga makofi, hawajui kwa nini."

"Na mume wako?"

"Alikuwa nje mbele ya mlango, anangoja kama hajaoa."

Nikamuuliza dirisha lina kimo gani kutoka chini. Akaniambia. Nikaandika. Sikumwomba anisamehe na yeye hakulitaja, ila kabla ya kukata alisema, "Karatasi yako ni nzuri, Mama. Muulize tu mwenye bahari." Nikampelekea Seif, mtu wa pwani, salamu hizo. Alifurahi siku mbili.

Tangu hapo mpaka nilipoondoka kazini mwaka 2019, mstari wa kisiwa haukuandikwa saa. Neema, usije ukaiweka. Kuna jedwali la maji kwa kila siku, mteja alitafute akifika, na wewe umwelekeze pa kulitafuta. Ule ukurasa ni mpango, si kiapo. Niliwafundisha watu kinyume kwa miaka mitatu, na aliyenisikiliza ni mmoja tu, yule mwaminifu kuliko wote. Wateja wabishi hawakupatwa na lolote. Mkipata mteja anayewatii, mwangalieni huyo mara mbili.

Papa Mulonda alirudi mwisho wa mwezi. Alipanda ngazi bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha wateja, nikaweka chai. Nikamwambia nilichomwambia binti yake, kwamba nimekosa. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei. Kisha akaanza kusema bila kuulizwa, na huyu ni mtu ambaye hujibu salamu kwa nusu.

"Ilipita saa tisa. Nikaona watu juu ya ukuta, upande wa bahari. Mmoja ana nguo nyeupe. Wakasimama pale."

"Walikuwa wanakutafuta."

"Ndiyo."

"Walikuona?"

"Ni mbali. Mtu juu ya jiwe anafanana na jiwe." Akakizungusha kikombe. "Nilivaa viatu. Nikafunga vifungo vya koti, nikanyoosha shati, nikasimama. Walikaa muda. Na mimi nikasimama mpaka walipoondoka."

Nikamwambia anywe, chai ilikuwa inapoa.